Mbawakawa wa shaba na mwanga wa mikono miwili

Tafuta miwani ya sinema ya 3D ya aina ya siku hizi, yenye vioo viwili vya kijivu vinavyofanana, si ile ya zamani ya nyekundu na buluu. Weka sarafu mpya mezani chini ya taa, ulaze kioo kimoja juu yake, upande wake wa nje ukiigusa, kisha uitazame kupitia hapo. Sarafu inafifia hadi karibu nyeusi. Hamia kioo cha pili: nyeusi vilevile. Geuza miwani, upande wa ndani ndio uiguse, na sarafu inarudi kung'aa.

Sasa ondoa sarafu, uweke mbawakawa wa kijani aitwaye Chrysina gloriosa, anayeishi kusini-magharibi mwa Marekani na kula majani ya mireteni. Chini ya kioo kimoja anang'aa kijani kama kawaida yake. Chini ya kingine anazimika. Hilo peke yake linamtosha mtu kuvuta kiti akakaa. Lakini kisa hiki kinamhusu nduguye, Chrysina resplendens wa misitu ya milimani ya Costa Rica na Panama. Huyo chini ya kioo cha kwanza anang'aa, na chini ya cha pili anang'aa pia, rangi ikitofautiana kidogo. Linaloishinda sarafu katika vioo vyote viwili, yeye analifanya katika vyote viwili.

Miaka 60 ilipita kati ya siku jambo hili lilipoandikwa kwa mara ya kwanza na siku lilipopata maelezo. Inafaa tulifuatilie hatua kwa hatua, kwa sababu mtu wa kwanza kuliona aliliona sawasawa, ila hakuwa na namna ya kulifungua.

Mhusika mwenyewe

Resplendens ana urefu wa kati ya sentimita 2 na 3, mgongo wa mviringo, na mwili wa rangi ya shaba iliyosuguliwa asubuhi ya leo. Hana madoa wala mistari. Yumo katika nusufamilia ya Rutelinae, mbawakawa wala-majani wanaong'aa, kundi lenye spishi zaidi ya 4,000. Jina hilo la "wanaong'aa" linadanganya kidogo, maana wengi wao ni wa kahawia tu, wa kawaida kabisa. Ukitaka kuwatambua, achana na mng'aro utazame miguu: kila mguu unaishia kwa kucha mbili, ukucha mmoja mrefu kuliko mwenzake, na kila mmoja unajikunja kivyake.

Alipewa jina mwaka 1875 na Adolphe Boucard, Mfaransa aliyekuwa akikusanya na kuuza ndege na wadudu waliokaushwa. Aliwekwa katika jenasi Plusiotis, na ndiyo maana maandishi ya zamani yanamwita Plusiotis resplendens. Mwaka 2001 jenasi hiyo iliunganishwa na Chrysina. Kama walivyo jamaa zake, buu lake hukulia ndani ya magogo yanayooza, naye akishakomaa hula majani na kuruka usiku, akivutwa na taa. Si mharibifu wa shamba la mtu yeyote.

Na hapo ndipo penye shida yake, kwa upande wa utafiti. Linganisha na Popillia japonica, Rutelinae mwenzake kutoka Japani. Yule alionekana New Jersey, Marekani, mwaka 1916, akajulikana kuwa anakula aina zaidi ya 300 za mimea, na tangu hapo fedha za utafiti hazijamkauka: yai lake, buu lake, maradhi yake, mitego yake, harufu inayomvuta, vyote vimepimwa na kupimwa tena. Resplendens hakula waridi la mtu. Alichopimwa ni mgongo tu, na mara nyingi akiwa ameshakufa, amechomwa pini ndani ya sanduku la makumbusho. Rangi yake haitokani na dutu la rangi linalochujuka bali na umbo la gamba lenyewe, kwa hiyo hata mbawakawa aliyekaushwa karne ya 19 bado anang'aa. Ni bahati kwa wanafizikia. Kwa wanaopenda kujua anaishije, imekuwa kisingizio.

Michelson, 1911

Albert Michelson alikuwa tayari na Nobel ya fizikia ya mwaka 1907 alipoanza kuuliza kwa nini ndege na wadudu fulani wanang'aa kama madini. Huyu ni yule yule aliyeupima mwendo wa mwanga kwa usahihi usiokuwa umefikiwa. Mwaka 1911 alichapisha majibu yake, na kwa sehemu kubwa majibu hayo yalikuwa makosa. Alishikilia kwamba ming'aro mingi ya aina hiyo inatoka kwenye dutu lenye kufyonza rangi fulani kwa nguvu mno, mfano wa rangi kavu za anilini ambazo juu yake huonekana kama chuma. Hadubini ya elektroni ilipofika, ilionekana wazi kuwa vipepeo na ndege wengi aliowazungumzia wanapata mng'aro kutokana na tabaka na vijistari vidogo sana, jambo ambalo yeye alilikataa.

Lakini mbawakawa mmoja hakuingia katika maelezo yake, na Michelson hakulificha. Alisema resplendens anaonekana kana kwamba mwili wake wote umepakwa madini kwa umeme, kwa mng'aro wa shaba. Alipoupima mwanga unaorudi, hata ule unaopiga gamba wima kabisa, aliukuta unazunguka. Akaendelea kupima rangi baada ya rangi. Katika buluu na kijani mzunguko ulikuwa mkali. Kwenye manjano ulipungua. Karibu na chungwa ukatoweka. Kwenye nyekundu ukatokea tena, safari hii ukizungukia upande wa pili.

Dhana yake ilikuwa kwamba ndani ya gamba lazima kuna umbo la skurubu, dogo kupita uwezo wa hadubini, pengine la kadiri ya molekuli. Akaishia hapo. Mimi naona sentensi hiyo ndiyo bora katika makala yake yote: alipokuwa na nadharia kamili alikosea, na alipobaki na kipimo tu asichojua la kukifanyia, akapatia.

Kushoto na kulia kwa mwanga

Kabla ya kuendelea, tuelewane juu ya huku "kuzunguka". Mwanga ni wimbi, na wimbi hutikisika. Mwanga wa taa hutikisika ovyo, kila upande. Upo mwingine ambao mtikisiko wake unazunguka kadiri unavyosafiri, kama ncha ya skurubu inayozama kwenye mbao. Ukizungukia kushoto nauita mwanga wa kushoto. Ukizungukia kulia, wa kulia. (Wataalamu wamegawanyika: wengine huhesabu upande wakiwa wanaupokea mwanga usoni, wengine wakiwa wamesimama nyuma yake ukienda zake. Ukisoma makala mbili zinazopingana juu ya mbawakawa huyuhuyu, angalia kwanza kama si hilo. Hapa tunaupokea usoni.)

Mwanga wa kawaida unaweza kuhesabiwa kuwa nusu wa kushoto, nusu wa kulia, umechanganywa. Miwani ya sinema hupitisha aina moja kwa kila jicho.

Sarafu na kioo cha kujitazamia hugeuza mkono, yaani upande ambao mwanga unazungukia. Wa kushoto ukienda, hurudi wa kulia. Si kwamba mzunguko umebadilika. Ni mwanga uliokuwa ukienda ambao sasa unakuja. Ukitazama saa yenye uso wa kioo kutoka nyuma, mishale haijabadili mwendo, lakini kwako inakwenda kinyume. Kwa hiyo mwanga uliopita kioo cha miwani ukaipiga sarafu unarudi na mkono usioruhusiwa kupita, na sarafu inakuwa nyeusi. Unaweza kulithibitisha bila hata sarafu: vaa miwani hiyo mbele ya kioo, fumba jicho moja. Kioo cha jicho lililo wazi utakiona cheusi.

Gamba la gloriosa halifanyi hivyo. Mwanga wa kushoto unarudi ukiwa wa kushoto vilevile, na wa kulia hauakisiwi kabisa, unazama ndani na kufyonzwa. Kwa nini, tunalijua vizuri. Gamba la mdudu limejengwa kwa nyuzi nyembamba za kitini, dutu gumu la magamba ya wadudu, zilizolala sambamba katika tabaka. Fikiria rundo la karatasi zilizopigwa mistari, kila karatasi ikigeuzwa kidogo tu kuliko iliyo chini yake, hadi baada ya karatasi nyingi mistari imezunguka duara zima. Hakuna uzi hata mmoja uliopinda. Yves Bouligand, Mfaransa, ndiye aliyelionyesha hili katika miaka ya 1960: ukilikata gamba mshazari na kulitazama kwa hadubini ya elektroni, unaona safu za pinde zilizopangana kama hilali, na waliotangulia waliamini ni nyuzi zilizopinda. Kumbe pinde hizo zinazaliwa na kisu. Ni nyuzi nyoofu za tabaka mbalimbali zilizokatwa kwa pembe tofauti, na jicho linaziunganisha.

Rundo la namna hii huakisi mwanga wa mkono mmoja tu, ule unaolingana na mzunguko wake, na wa rangi moja tu. Rangi inategemea hatua, yaani unene unaohitajika kwa nyuzi kukamilisha duara. Zidisha hatua kwa kipimo cha jinsi kitini kinavyopunguza mwendo wa mwanga, karibu 1.56, unapata urefu wa wimbi linalorudi. Hatua ya nanomita 360 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita) inakupa nanomita 560 hivi, kijani kinachoelekea manjano. Mwaka 1969 Neville na Caveney walieleza wazi kuwa gamba la mbawakawa hawa linafanya kwa mwanga jambo lilelile linalofanywa na fuwele za kimiminika za kolesteroli, yaani vimiminika ambavyo molekuli zake hujipanga kwa kuzunguka vivyo hivyo, zile ambazo Friedrich Reinitzer alianza kuzikuta mwaka 1888. Tofauti ni kwamba za mdudu zimeganda.

Skurubu ya Michelson, basi, ilipatikana. Ila ilieleza nusu ya kisa. Rundo linalozungukia kushoto linarudisha mwanga wa kushoto. Mwanga wa kulia wa resplendens unatoka wapi?

Kipande cha katikati

Jibu jepesi lingekuwa kwamba ana marundo mawili, moja la kushoto na jingine la kulia. Ni jibu linalomjia kila mtu, nami lilinijia. Halipo. Marundo ni mawili, ndiyo, lakini yote yanazungukia kushoto.

Mwaka 1971 Stanley Caveney alionyesha kuwa kati ya marundo hayo mawili kuna tabaka la tatu, lenye unene wa mikromita 1.8, yaani nanomita 1,800, ambalo nyuzi zake hazizunguki hata kidogo. Zote zimelala upande mmoja. Tabaka la namna hiyo lina tabia ambayo wauzaji wa vifaa vya maabara huiuza kwa bei: mtikisiko unaokwenda sambamba na nyuzi hucheleweshwa, na ule unaozikata haucheleweshwi kiasi hicho. Ucheleweshaji ukifikia nusu ya wimbi kamili, mwanga wa kushoto unaoingia hutoka wa kulia, na wa kulia hutoka wa kushoto. Caveney alilikuta tabaka hili likifanya kazi hiyo barabara kwa wimbi la nanomita 590, manjano inayoelekea chungwa.

Fuata mwanga sasa. Wa kushoto unafika kwenye rundo la juu na kurudishwa ukiwa wa kushoto, huo umekwisha. Wa kulia unalipita rundo la juu kana kwamba halipo. Unaingia tabaka la katikati, unatoka wa kushoto. Unalikuta rundo la chini, nalo ni la kushoto, kwa hiyo linaurudisha. Unapanda, unapita tena tabaka la katikati, unageuzwa kuwa wa kulia. Rundo la juu haliuzuii, kama halikuuzuia mwanzo. Unatoka nje ukiwa wa kulia, vilevile ulivyoingia.

Hapo ndipo mng'aro wa shaba unapoeleweka. Mbawakawa mwenye rundo moja, hata awe mzuri namna gani, hawezi kurudisha zaidi ya nusu ya mwanga wa rangi yake, kwa sababu nusu nyingine ni ya mkono usiomhusu. Resplendens anazichukua nusu zote mbili.

Na ule ugeuzi wa Michelson, kushoto kwenye buluu na kulia kwenye nyekundu? Nao unafunguka kwa ufunguo huohuo, mradi marundo mawili yasiwe na hatua sawa. Rundo la juu likishughulikia zaidi mawimbi mafupi na la chini marefu, basi buluu na kijani vitarudi vya kushoto kutoka juu. Nyekundu italipita rundo la juu, na sehemu pekee itakayorudi kutoka chini ni ile iliyogeuzwa mara mbili na tabaka la katikati, yaani ya kulia. Katikati ya rangi, yote mawili yanarudi kwa pamoja na mzunguko unafutana. Michelson alikuwa ameusoma mpangilio wa tabaka tatu kutoka nje, bila kulikata gamba, ila hakujua kuwa alikuwa anausoma. Mwaka 2017 Finlayson na wenzake walilipima upya gamba hili kwa vifaa vya kisasa na kumwita kwa neno linalomaanisha mtu mwenye kutumia mikono yote miwili sawasawa.

Lipo jambo moja katika kazi ya Caveney ambalo husimuliwa kwa haraka, nami naliona kuwa ndilo tamu kuliko yote. Piga hesabu. Nusu ya nanomita 590 ni 295. Kuupata ucheleweshaji huo ndani ya nanomita 1,800 tu, kile kipimo cha kupunguza mwendo wa mwanga lazima kitofautiane kwa karibu 0.16 kati ya mtikisiko ulio sambamba na nyuzi na ule unaozikata. Kitini kitupu hakifikii hata karibu na hapo. Mdudu angehitaji tabaka nene mara kadhaa. Caveney alikuta kwamba tabaka zinazoakisi mwanga katika mbawakawa hawa zimejaa asidi ya uriki. Ndiyo, ileile inayoyapa mavi ya ndege weupe wake, ileile inayoganda kwenye kidole gumba cha mguu wa mgonjwa wa jongo. Wadudu wengi huitoa kama taka. Fuwele zake zina tofauti kubwa sana ya mwendo wa mwanga kati ya upande na upande, na zikipangwa pamoja na nyuzi zinaupandisha uwezo wa gamba hadi panapohitajika. Kile ambacho mdudu mwingine angekitupa nje, huyu amekipanga ndani ya gamba lake.

Ya nini yote hayo

Hapa ushahidi unapungua, na sauti za watu zinapanda. Utamsikia mtu akisema mbawakawa hawa hutumiana ishara za siri ambazo ndege hawazioni, kwa kuwa macho ya ndege hayatofautishi mwanga wa kushoto na wa kulia. Dhana inavutia. Inahitaji jambo moja tu: mbawakawa mwenyewe awe anaitofautisha.

Mwaka 2010 Brady na Cummings walimjaribu gloriosa akiruka kuelekea mwanga, wakaripoti kuwa mwenendo wake unabadilika mwanga ukiwa wa kuzunguka. Mwaka 2012 watafiti wa Hungary waliwajaribu mbawakawa wanne wengine wenye magamba ya aina hii, wakiwemo wawili wa jenasi Anomala, Rutelinae wenzao, kwa chakula na kwa wenza. Hawakuona dalili yoyote kwamba wanajali.

Majaribio hayo mawili si lazima yapingane, kwani wanyama si walewale. Lakini kuna kazi nyingine inayonifanya niegemee upande wa shaka. Mwaka 2010 J. David Pye alichapisha uchunguzi wa karibu spishi 19,000 za jamaa pana ya mbawakawa hawa katika Makumbusho ya Historia ya Asili, London, akizitazama kwa vichujio vya kawaida, jambo ambalo wewe na miwani yako mngeweza. Mwanga wa kushoto aliukuta kwa wengi, wakiwemo mbawakawa wa rangi za kimyakimya ambao hakuna angewashuku. Kama rundo la kuzunguka ndiyo namna ya kawaida ya kujenga gamba gumu la mdudu, basi mkono wa mwanga huenda ni matokeo ya ujenzi tu, na hauhitaji mtazamaji.

Hoja hiyo inatosha kwa rundo moja. Kwa resplendens, kwa maoni yangu, haitoshi. Tabaka lake la katikati halihitajiki ili gamba liwe gumu, na asidi aliyoipanga humo si bure. Kitu cha namna hiyo kimelipiwa. Lakini ukitazama linaloleta, haliongezi ishara ya mkono wowote, linaifuta. Mtu anayetaka kuongea kwa siri kwa mwanga wa kushoto hajengi chombo cha kuuchanganya na wa kulia. Anayetaka kung'aa maradufu ndiye anayekijenga. Kwa hiyo ningeanza kutafuta kwenye mwangaza wenyewe: katika msitu wa mawingu, majani yamelowa karibu wakati wote, na kila tone linaakisi kipande cha anga. Kitu cha mviringo kinachorudisha karibu mwanga wote kinaweza kupotea kati ya matone kuliko kitu cha kijani.

Kulijaribu hilo si kazi ya hadubini. Kunahitajika mbawakawa hai juu ya jani lililolowa, mchana, na ndege mwenye njaa.